Kiti cha bodi ya shule Minnesota: makaratasi, hesabu na pesa za harambee

Ada ya kugombea kiti cha bodi ya shule katika jimbo la Minnesota ni dola 2. Hutafuti saini za wadhamini, huulizwi shahada, na hakuna chama kinachokupa tiketi. Mlango ni mpana kiasi kwamba mtu wa jumuiya zetu anaweza kujitosa kwa moyo mweupe, akajaza ukumbi wa kanisa mara tatu, halafu akamaliza wa tano pale ambapo viti ni vitatu. Kilichomwangusha si jina lake gumu wala lafudhi yake. Waliomjazia ukumbi hawakuwa wapiga kura wa wilaya yake, na hilo lingejulikana miezi minne kabla kwa kukaa na orodha na kalamu.

Ninayoyaeleza hapa ni ya Minnesota, ambako Wakenya wa Brooklyn Park, Wakongo na Watanzania wenye uraia wa Marekani wanazidi kuulizana habari za viti hivi. Ukiwa Texas au Ohio, mwendo unafanana lakini tarehe, saini na viwango vya pesa ni vingine kabisa. Usibebe namba za hapa ukaenda nazo huko.

Kiti chenyewe kina nguvu gani

Bodi nyingi za jimbo hili zina wajumbe sita au saba, kila mmoja kwa muhula wa miaka minne, na viti havipigiwi kura vyote mwaka mmoja. Msimamizi mkuu wa shule za wilaya huketi nao bila kura. Bodi humwajiri yeye kwa mkataba usiozidi miaka mitatu, hupitisha bajeti kabla ya Julai 1, huidhinisha mikataba ya walimu, huweka sera, na kila Desemba hupitisha kiwango cha kodi ya majengo kitakachokwenda shuleni.

Mjumbe mmoja hana amri juu ya mtu yeyote. Hawezi kumhamisha mwalimu wa mtoto wako, kumrudisha dereva wa basi aliyefutwa, wala kumwita mkuu wa shule ofisini. Nguvu yake ni kura moja kati ya saba, na ikipata nyingine tatu ndipo jambo linapita. Anayewaahidi wazazi kwamba atamng'oa fulani anajulikana haraka kuwa hajawahi kuhudhuria kikao, na wanaosoma majibu ya fomu za maswali wanazotumiwa wagombea ndio wa kwanza kumcheka.

Pesa ndiyo kazi kubwa. Kwa mwaka wa masomo wa 2024–25 msingi wa fedha za jimbo ulikuwa dola 7,281 kwa mwanafunzi, ukiongezwa na mafungu mengine kwa wanaojifunza Kiingereza, wenye mahitaji maalumu na kadhalika. Wilaya ikitaka fedha za uendeshaji zaidi ya hapo, kwa kawaida huwaomba wananchi kwa kura. Soma bajeti ya wilaya yako na kumbukumbu za vikao vya mwaka mmoja uliopita. Viko kwenye tovuti yao. Angalia idadi ya wanafunzi inapanda au inashuka, kwa sababu wanafunzi wakipungua 100, pesa inaondoka nao lakini jengo, basi na taa zinabaki palepale. Mgombea anayeweza kueleza hilo kwa dakika mbili, bila makaratasi, ameshawazidi nusu ya wenzake.

Wilaya ya shule si mji

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Mipaka ya wilaya za shule haifuati mipaka ya miji. Brooklyn Center, mji mdogo tu, umegawanyika katika wilaya nne: Brooklyn Center yenyewe, Osseo, Robbinsdale na Anoka-Hennepin. Brooklyn Park nako watoto wa mtaa mmoja wanaweza kuwa wa Osseo na wa mtaa wa pili wa Anoka-Hennepin. Mnasali pamoja, mnazikana, mna chama kimoja cha kuweka akiba, lakini siku ya kura mnashika karatasi tofauti.

Fanya hesabu hii kabla ya kumwambia mtu yeyote kwamba unagombea. Chukua watu 400 unaowahesabu kuwa wako. Toa wasio raia. Toa walio chini ya miaka 18. Toa wanaoishi nje ya mpaka wa wilaya. Toa raia ambao hawajawahi kupiga kura hata ya rais. Ukibaki na 60, usikate tamaa, ila ujue kwamba hao 60 ni msingi wa nyumba na nyumba bado haijajengwa.

Pia uliza kama viti ni vya wilaya nzima au vya kanda. Minneapolis ina wajumbe tisa, sita wa kanda na watatu wa mji mzima. Wilaya nyingi ndogo huchagua wote kwa eneo zima.

Sifa za mgombea ni chache. Uwe na haki ya kupiga kura Minnesota, maana yake uwe raia. Uwe umefikisha miaka 21 utakapoingia ofisini, na uwe umeishi ndani ya wilaya siku 30 kabla ya uchaguzi. Haruhusiwi aliyehukumiwa kwa makosa yanayomlazimu kujiandikisha kwenye rejista ya wahalifu wa ngono. Kama umeajiriwa na wilaya hiyohiyo, au kampuni yako inaiuzia huduma ya usafiri, chakula au ukalimani, tafuta ushauri wa sheria kwanza. Migongano ya maslahi haisamehewi kwa sababu mtu hakujua.

Wiki mbili za Julai na Agosti

Kama wilaya yako haina mchujo, yaani kura ya awali ya kupunguza wagombea, fomu hupokelewa kuanzia siku 98 hadi siku 84 kabla ya uchaguzi. Kwa uchaguzi wa Novemba 3, 2026, hiyo ni Julai 28 hadi Agosti 11, na mlango hufungwa saa kumi na moja jioni ya siku ya mwisho. Penye mchujo, dirisha linakuja mapema zaidi, majira ya Mei. Wilaya nyingine huchagua miaka ya shufwa, nyingine ya witiri. Piga simu ofisi ya wilaya mapema uulize mambo matatu: mwaka gani, viti vingapi, na kama kuna mchujo.

Hati ya kiapo ya ugombea hupelekwa kwa karani wa wilaya ya shule, kwenye ofisi kuu ya wilaya, wala si kwa kaunti. Utaapa mbele ya ofisa au mthibitishaji wa hati. Jina utakaloandika ndilo litakalochapishwa kwenye karatasi ya kura, kwa hiyo liandike kama watu wanavyokujua. Kama mtaa mzima unakujua kwa jina la ubatizo na hati zako zina majina manne, amua mapema na ulitumie hilohilo kwenye vibao na vipeperushi. Mpiga kura aliyeona jina moja kwenye kibao na lingine kwenye karatasi atapita tu.

Ukighairi, una siku mbili baada ya dirisha kufungwa, hadi saa kumi na moja jioni, kujiondoa. Baada ya hapo jina limekwama.

Iko njia nyingine isiyosemwa sana. Mjumbe akijiuzulu katikati ya muhula, bodi hutangaza nafasi na kuteua mtu. Wanaoteuliwa mara nyingi ni wale ambao bodi imeshawaona kwenye kamati za ushauri za bajeti, za mitaala au za wazazi. Anayetaka kiti mwaka ujao na aanze kwa kuomba nafasi kwenye kamati hizo mwaka huu.

Pesa za harambee

Tumezoea kuchangishana. Arusi, matanga, karo, hospitali: kundi la WhatsApp linafunguliwa, mweka hazina anatangaza, na jioni orodha inasomwa. Ukifanya hivyo kwa kampeni utavunja sheria kabla ya chai kupoa.

Sheria ya shirikisho inakataza mtu asiye raia wa Marekani na asiye na ukaazi wa kudumu kuchangia uchaguzi wowote wa Marekani, hata huu wa bodi ya shule. Kaka yako wa Nakuru akikutumia dola 50 ni kosa. Shangazi wa Muscat vilevile. Binamu aliyeko hapahapa Minneapolis kwa viza ya masomo, au anayesubiri uamuzi wa hifadhi, naye haruhusiwi kutoa hata senti. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kuchangia, ingawa hawezi kupiga kura. Kwa hiyo usiweke namba ya malipo kwenye kundi lenye watu wa nchi sita. Tengeneza fomu ambayo kila mchangiaji anathibitisha kuwa ni raia au mkaazi wa kudumu, ndipo apokewe. Ikikuingia ya asiyestahili, irudishe mara moja na utunze ushahidi wa kuirudisha.

Asiye raia anaweza kujitolea kazi bila malipo: kukunja vipeperushi, kupika, kubeba vibao. Asichoruhusiwa, kama hana ukaazi wa kudumu, ni kushiriki maamuzi ya kampeni kuhusu pesa na matumizi. Usimfanye mweka hazina, hata kama ndiye mhasibu bora uliye naye.

Mtego wa pili ni kampuni. Minnesota inakataza mashirika kumchangia mgombea, na katika neno hilo zimo kampuni za kawaida, zile za LLC (kampuni ambazo mwenyewe hadaiwi binafsi madeni yake), na asasi zisizo za faida. Watu wetu wengi wana LLC: malori, huduma za wazee majumbani, maduka ya vyakula. Rafiki akikuandikia hundi ya kampuni, mrudishie akuandikie ya akaunti yake binafsi. Mwenye duka la uchapaji akikutolea vibao 200 bure kupitia kampuni yake, huo ni mchango uliokatazwa. Mlipe bei anayowatoza wateja wengine na utunze risiti. Kanisa au msikiti usitoe fedha, ukumbi wa bure wala basi. Kukodi ukumbi kwa bei wanayotozwa wote hakuna tatizo.

Kiwango cha mtu mmoja kumchangia mgombea ni dola 600 mwaka wa uchaguzi na dola 250 mwaka mwingine. Eneo likiwa na watu zaidi ya 100,000, ile 600 huwa 1,000. Vitu na huduma zinazotolewa bure huhesabiwa kwa thamani yake.

Ukipokea au kutumia zaidi ya dola 750 katika mwaka, ripoti ya kwanza ipelekwe ndani ya siku 14. Zinafuata ripoti siku 10 kabla ya uchaguzi (na kabla ya mchujo kama upo), nyingine siku 30 baada ya uchaguzi mkuu, kisha kila Januari 31 hadi ufunge hesabu. Kila aliyetoa jumla ya zaidi ya dola 100 huandikwa jina, anwani, kazi yake au mwajiri wake, kiasi na tarehe. Ripoti ni wazi kwa umma, na mpinzani wako atazisoma. Minneapolis ina utaratibu wake kupitia kaunti ya Hennepin. Anayegombea huko aulize kaunti.

Fungua akaunti ya benki ya kampeni peke yake. Usipokee pesa taslimu kwenye bahasha zisizo na jina. Usilipe vibao kwa kadi ya mkeo ukasema mtahesabiana baadaye; hapo ndipo hesabu zinapoanza kutofautiana kwa dola 40 zisizojulikana zilikotoka, na jioni tatu zinaishia kutafuta risiti ya mafuta.

Kila kipeperushi na kibao kiwe na maneno ya Kiingereza yanayosema kimetayarishwa na kulipiwa na kamati gani, pamoja na anwani. Wapiga chapa wengi wanayajua, lakini kosa likitokea ni lako. Na usiandike kwamba mtu fulani anakuunga mkono mpaka akupe idhini ya maandishi. Mchungaji kukuombea Jumapili si idhini.

Kura zinavyohesabiwa

Karatasi itasema chagua hadi watatu, kama viti ni vitatu. Tuseme wapiga kura 6,000 wamefika sehemu hiyo ya karatasi, na kwa wastani kila mmoja amechagua majina 2.3. Hizo ni kura 13,800. Wagombea wakiwa saba, wa tatu anaweza kuingia kwa kura kama 2,100. Huhitaji nusu ya watu. Unahitaji mmoja kati ya watatu akukumbuke.

Mpiga kura hajalazimika kutumia kura zote tatu. Msaidizi wako wa karibu akikuchagua wewe, kisha akajaza nafasi mbili kwa majina anayoyapenda kwa sauti tu, amewasogeza wapinzani wako. Waambie walio wako wazi: wanaweza kuchagua jina moja na kuacha. Ila uwaambie wao peke yao. Mbele ya wageni ujumbe huo unasikika kama uchoyo, na ukishirikiana na wagombea wawili wenye mawazo kama yako, wenzako watachukia wakisikia.

Karatasi ya kura haionyeshi chama cha mgombea, lakini vyama vya siasa huidhinisha wagombea katika baadhi ya maeneo, na chama cha walimu, Education Minnesota, kina matawi yanayohoji wagombea. Fomu zao za maswali huja ndefu na muda mfupi. Jibu zote, hata usipotarajia kuungwa mkono, kwa sababu majibu hayo yanatumika tena kwenye midahalo na magazeti ya mtaa.

Sasa orodha. Mpiga kura aliyesajiliwa Minnesota anaweza kuomba orodha ya umma ya wapiga kura na kuitumia kwa shughuli za uchaguzi. Ina majina, anwani, na chaguzi ambazo kila mtu alishiriki, bila kusema alimpigia nani. Panga majina kwa mitaa, weka juu waliopiga kura chaguzi tatu au nne mfululizo, na anza na hao. Mwaka wa witiri wanaojitokeza ni wachache, wengi wao wazee wenye nyumba zao. Kwao swali la kwanza ni kodi. Mwaka wa rais umati unakuja, lakini wengi wanachoka kabla ya kufika mwisho wa karatasi, ambako bodi ya shule ndiko inakolala.

Mlangoni, kwenye fleti, mezani

Kubisha hodi kunashinda kila kitu kwa kiti hiki. Mtu mmoja hugonga milango kama 15 hadi 20 kwa saa, na mingi haifunguliwi. Acha kipeperushi chenye maneno mawili matatu ya mkono, yaani "samahani nimekukosa" kwa Kiingereza. Yaandike palepale mlangoni, si yote usiku uliotangulia; watu wanatambua.

Watu wetu wengi wanaishi fleti zenye mlango wa kufuli, na meneja akikukataza wengi hurudi nyuma. Usirudi. Sheria ya jimbo inamkataza mwenye jengo la makazi kumzuia mgombea aliyejaza hati ya ugombea, pamoja na wasaidizi wake, kuingia kufanya kampeni, mradi jengo liko ndani ya eneo unalogombea. Anaweza kudai kitambulisho na kuweka saa za kufaa. Beba nakala ya hati yako na ya kifungu 211B.20 cha sheria hiyo, umwonyeshe kwa upole. Ukigombana, ameshinda yeye, kwa sababu jioni imeisha.

Vibao vya uani huruhusiwa na sheria ya jimbo, mwaka wa uchaguzi mkuu wa jimbo, kuanzia siku 46 kabla ya mchujo hadi siku 10 baada ya uchaguzi mkuu, hata kama mji una masharti yake. Kwa 2026 ni kuanzia Juni 26. Usichomeke kibao ukingoni mwa barabara kuu. Hilo limekatazwa, na watakiondoa.

Na chakula? Kumpa mtu kitu chenye thamani ili akupigie kura ni kosa. Viburudisho vidogo visivyo na pombe, vinavyoliwa hapohapo mkutanoni, vinaruhusiwa. Sambusa na chai sawa. Sufuria tatu za pilau na mbuzi, halafu watu wakafungashiwa vya kupeleka nyumbani, hapo umeanza kumpa mpinzani wako barua ya malalamiko.

Ukisajili wapiga kura, swali la kwanza kila mara liwe uraia. Mwenye grini kadi akisajiliwa au akipiga kura, hata kwa kudanganywa na rafiki mwenye nia njema, anaweza kupoteza ukaazi na kurudishwa kwao. San Francisco huwaruhusu wazazi wasio raia kuchagua bodi ya shule, na habari hiyo husambaa kwenye simu kana kwamba ni ya nchi nzima. Minnesota hairuhusu.

Kura za mapema huanza siku 46 kabla, yaani Septemba 18 kwa mwaka 2026, kwa hiyo kampeni inayopanga kuanza Oktoba imechelewa. Siku yenyewe mtu anaweza kujisajili kituoni, na mpiga kura aliyesajiliwa kituo hicho anaweza kuthibitisha makazi ya watu wasiozidi wanane. Asiyejua Kiingereza anaruhusiwa kuja na msaidizi wake amchague mwenyewe, ila asiwe mwajiri wake, ofisa wa chama chake cha wafanyakazi, wala mgombea. Wewe mgombea usimsaidie hata mama yako mzazi. Ndani ya futi 100 za jengo la kura hakuna fulana, beji wala kipeperushi.

Baada ya matokeo

Ukishindwa kwa tofauti ndogo, angalia asilimia. Pale ambapo kura zilizopigwa ni zaidi ya 400 na hazizidi 50,000, tofauti iliyo chini ya nusu ya asilimia moja inakupa haki ya kuomba zihesabiwe upya kwa gharama ya umma. Ukishinda, thibitisha ndani ya siku 7 kwamba ripoti zako zote za fedha zimepelekwa, la sivyo cheti cha ushindi hakitoki. Ng'oa vibao kabla ya siku ya kumi.

Muhula huanza Jumatatu ya kwanza ya Januari, ambayo mwaka 2027 ni tarehe 4. Ndani ya siku 180 utapaswa kupata mafunzo ya fedha na uendeshaji wa shule. Pia ujue sheria ya mikutano ya wazi kabla hujafungua simu: wajumbe wanne wa bodi ya watu saba wakijadili hoja ya bodi kwenye kundi la WhatsApp wanaweza kuonekana wamefanya mkutano wa siri. Kikao cha kwanza huchagua mwenyekiti, karani na mweka hazina, kisha kamati hugawanywa. Omba ya fedha. Haina mvuto na vikao vyake ni virefu, lakini kodi ya Desemba na bajeti ya Juni zinaanza kupikwa humo, na kiti chake mara nyingi hakigombaniwi.